Vituo vya Mijini vya Abiria wa Ndege Vyatoweka, Tunduma Yabaki na Barabara

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

Mkazi wa Tunduma anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege huanza safari yake kwa gari. Uwanja wa Ndege wa Songwe, licha ya jina lake, haupo katika Mkoa wa Songwe. Upo Mkoa wa Mbeya, upande wa Mbalizi, na ulianza kutoa huduma Desemba 2012, miaka kadhaa kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Ili kuufikia, abiria hupita Vwawa na Mlowo kwa Barabara Kuu ya TANZAM, ambayo pia hubeba malori ya mizigo ya Zambia na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mazingira hayo yanaibua swali la msingi: kwa nini kisiwepo mjini Tunduma kituo ambapo abiria angekabidhi mizigo, akapewa pasi ya kupandia ndege, kisha akapelekwa uwanjani kwa basi?

Wazo hilo si geni. Jijini London, shirika la BEA lilikuwa na kituo cha aina hiyo katika barabara ya Cromwell tangu mwaka 1957. Abiria alikamilisha usajili wa safari katikati ya jiji, kisha akaenda uwanja wa Heathrow. New York ilifungua kituo chake mwaka 1953. Hata hivyo, kituo cha Cromwell kiliacha kupokea abiria mwanzoni mwa mwaka 1974, na kile cha New York kikafungwa katika miaka ya 1980.

Sababu ya kwanza ilikuwa barabara. Basi lililokwama kwenye foleni lilikuwa na abiria ambao shirika lilikwisha wapokea, hivyo ama ndege isubiri, ama iwaache watu waliotimiza wajibu wao. Ndege zilipoongezeka ukubwa, safari moja ilihitaji mabasi mengi zaidi. Aidha, reli ya chini ya ardhi ilifika Heathrow mwaka 1977, na abiria akaweza kujifikisha mwenyewe.

Sababu ya pili ni usalama, nayo ndiyo nzito zaidi. Bomu lililoangusha ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie mwaka 1988 lilikuwa ndani ya begi. Tangu hapo masharti ya kulinda mizigo na kuilinganisha na wenyewe yaliimarishwa. Begi linalopokelewa mjini hulazimu kulindwa njia nzima hadi kwenye ndege, na gharama hiyo si ndogo.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Kuanzia Juni 2008 mashirika wanachama wa IATA yaliachana na tiketi za karatasi, na usajili wa safari ukahamia kwenye intaneti. Hong Kong, iliyoanzisha huduma ya mjini mwaka 1998, ilifanikiwa kwa kuwa mizigo ilisafirishwa kwa treni maalumu ya uwanjani isiyojua foleni.

Tunduma haina njia ya namna hiyo. Basi la kituo cha mjini lingepita katikati ya malori yaleyale yanayomchelewesha abiria leo, na kituo kingehamisha tatizo bila kuliondoa. Ufumbuzi unaogusa chanzo ni barabara yenyewe. Serikali ina mpango wa kupanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, yenye urefu wa kilomita 218, na sehemu iliyotangulia ni ya njia nne kutoka Uyole hadi Uwanja wa Songwe, kilomita 29. Ikumbukwe kuwa sehemu hiyo ni ya upande wa Jiji la Mbeya. Nafuu kamili kwa abiria wa Tunduma itapatikana upanuzi utakapovuka uwanja na kuelekea mpakani.

Kwa sasa, msafiri mwenye begi la mkononi pekee anaweza kujisajili kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani, au kuomba msaada kwa wakala aliyemuuzia tiketi. Mwenye mzigo wa kukabidhi, wakiwemo wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Kariakoo, bado analazimika kulifikia dawati la uwanjani. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuruka, na dawati hufungwa mapema kuliko hapo. Kwa anayetoka Tunduma, hesabu ya muda ianzie kwenye kufungwa kwa dawati, na saa za foleni ya malori ziongezwe juu yake.