Nambari Zilizo Chini ya Boneti

Wenzangu wanafunzi, nanyi wazee wetu mliotutangulia katika skuli hii, naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu juu ya motokaa kuukuu, na hasa juu ya wauzaji wasemao, "Hii ni ya kiwanda kabisa, haijaguswa."

Mjomba wangu wa Koboko alinunua Peugeot 504 kwa fedha za tumbaku za misimu mitatu. Aliambiwa ni TI, yaani ile ambayo petroli huingia katika injini kwa kusukumwa na pampu, si kwa kabureta. Kwa ajili ya herufi hizo mbili zilizobandikwa nyuma, aliongeza fedha nyingi. Wazee wanaipenda sana Peugeot 504, maana ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena 1978. Basi tulipoifikisha Arua, mzee mmoja fundi alifunua boneti, akacheka kidogo, akatuonyesha kabureta. Mjomba hakucheka. Kisha mzee akasugua chuma kwa brashi ya waya, akaniambia nisome nambari iliyopigwa katika bodi, halafu nisome ile ya kibao cha kiwanda. Hazikulingana. Kibao kilikuwa cha gari jingine, nacho kimefungwa kwa skrubu mpya zinazong'aa.

Wako wenzetu bwenini wasemao: gari likienda, nambari ya nini? Mimi sikubaliani nao. Tangu siku ile mjomba haendi nalo Oraba wala mpaka wa Kongo, maana askari akiona nambari mbili atamwita mwizi mtu aliyeibiwa.

Sisemi ni aibu kubadili injini. Huku kwetu West Nile gari ambalo halijabadilishwa kitu limekwisha kuwa banda la kuku. Fundi atiaye injini nyingine na kuhakikisha imeandikwa katika karatasi za gari ni mwaminifu. Afutaye nambari kwa tupa ni mwongo, hata akiwa fundi hodari namna gani.

Wala hila hii si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani matajiri hushindania Pontiac GTO ya mwaka 1964, na wajanja huchukua Tempest LeMans ya kawaida wakaibandika herufi za GTO. Nambari ya chasisi ya 1964 na 1965 haiwezi kuwaumbua, kwani siku hizo GTO ilikuwa nyongeza tu juu ya Tempest LeMans. Ni tangu 1966 ndipo nambari ya GTO ilipoanza kwa 242. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hudai hati ya kiwanda iliyoandikwa gari lilipouzwa. Kwa Peugeot nako, shirika la L'Aventure Peugeot Citroën DS la Ufaransa hutoa hati ya tarehe ya kutengenezwa kwa kufuata nambari ya chasisi. Laiti mjomba angaliijua njia hiyo kabla ya kuhesabu noti zake!

Tunafundishwa mengi darasani, lakini hakuna aliyetufundisha kusoma kibao cha motokaa, na wengi wetu tutanunua gari kuukuu kabla ya kununua jipya. Wazee wa skuli wenye gereji pale Arua, tukaribisheni Jumamosi moja. Brashi za waya tutakuja nazo wenyewe.