UPINDE SI UVIVU



Tumesikia maneno pale dukani kwa ushirika. Ati Wahadzabe wa Yaeda Chini ni wavivu, hawalimi, kwa hiyo pori lao ni la bure, tuingize ng'ombe. Huo ni uongo, tena ni unyang'anyi!

Hebu tuulizane. Nani kati yetu anaweza kuponda msumari ukawa chembe cha mshale, akaupaka sumu ya utomvu, akanyatia mnyama mchana kutwa? Kule mtoto mdogo ana upinde wake, analenga ndege. Mama na bibi wanachimba mizizi. Nyama ikifika kambini wanagawana wote. Sisi ushirika tunahubiriwa mkutanoni, wao wanautenda kila siku.

Na pori lina wenyewe. Mwaka 2011 walipewa Hati ya Haki Miliki ya Kimila. Ukikata miti, nyuki wanahama. Ukijaza ng'ombe, majani yanakwisha, wanyama wanakimbia. Mishale inabaki podoni, watoto wanalala njaa.

Basi tunasema wazi: mwenye shoka na mwenye mifugo, rudini nyuma ya mpaka! Kumpora jirani siyo maendeleo.

Katibu