Kabla hujanunua raba, angalia barabara yako

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa mat ya Rongai, hebu angalia miguu yako kidogo. Hiyo raba umevaa uliichagua kwa nini? Kama jibu ni rangi, ama ni kwa sababu uliona msee fulani ameivaa TikTok, basi tulia tuongee. Mimi pia niliwahi kununua kiatu kwa macho. Bili ilikuja kwa kifundo cha mguu.

Nilikuwa nimeacha chuo. Karo ilikuwa imekataa kabisa, na siku zikawa ndefu kama foleni ya Magadi Road asubuhi. Hasla yangu ilikuwa kupelekea watu mizigo midogo mtaani kwa miguu, na raha ya pekee ambayo sikulipia ilikuwa kukimbia. Natoka kwa nyumba hapa Gataka saa kumi na moja na nusu alfajiri, naingia kwa murram, nashuka, napanda, narudi. Nikikimbia sikuwa yule kijana aliyeacha shule. Nilikuwa tu mtu anakimbia.

Halafu nikaona raba kwa kibanda kimoja. Soli nene kama mkate, rangi ya machungwa inawaka, sura ya kiatu cha mabingwa. Nikatoa 3,500. Ilikuwa feki, sawa, lakini ukweli ni kwamba hata ingekuwa orijino ingeniangusha vilevile. Wiki ya tatu, nikishuka mteremko, nikakanyaga jiwe dogo kama yai. Ile soli ndefu ikalala upande, na mguu ukalala nayo. Nilichechemea wiki sita. Wateja wangu wa mizigo hawakuningoja, wakapata mtu mwingine. Kwa hivyo usiniambie kiatu ni fashoni tu. Kwa sisi tunaokula kwa miguu, kiatu ni unga.

Ninachotaka kukuambia leo ni kimoja: kiatu huchaguliwa na barabara. Jina la kampuni na watu wa mtandaoni hawajui unakimbilia wapi.

Chukua mfano wa Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1:59:40. Kiatu chake kilikuwa na soli nene ya sponji laini na bamba la kaboni ndani. Lakini alikimbia wapi? Kwenye lami tambarare ya bustani ya Prater, barabara iliyochaguliwa kwa sababu haina milima wala vurugu. Mwaka uliofuata, World Athletics wakaweka sheria kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40. Sasa fikiria milimita 40 za sponji chini ya mguu wako, halafu chini yake kuna mawe ya Gataka. Umesimama juu ya ngazi inayotikisika. Kiatu cha Vienna ni cha Vienna.

Na usidhani mbio za milimani na njia za vumbi ni mambo ya Wazungu wenye mikoba ya maji mgongoni. Mkenya Patrick Kipngeno alishinda dhahabu ya dunia ya mbio za kupanda mlima mwaka 2022 kule Thailand, akarudia 2023 huko Austria. Sisi tuna milima, tuna vumbi, tuna mapafu. Kile hatuna sana ni mtu wa kutuambia tuvae nini. Kwa hivyo wacha tuanze na ardhi yenyewe.

Kama unakimbia kwa murram kavu, adui yako ni kokoto. Kokoto juu ya udongo mgumu ni kama kukanyaga bano. Hapo unataka soli yenye meno mafupi mengi, ya milimita 3 hadi 4, yanayogusa ardhi kwa upana. Meno marefu kwenye ardhi ngumu hukufanya ukimbie kama mtu amevaa njumu kwa sebule. Soli iwe imara kiasi kwamba ukikanyaga jiwe lenye ncha unalisikia lakini halikuchomi. Mbele kwenye vidole kuwe na raba ngumu ya kuzuia, maana kuna siku utapiga jiwe teke bila kupenda. Na usisahau miba ya migunga: soli laini sana huiruhusu iingie hadi kwa nyayo.

Kama uko upande wa Kitengela, unajua ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Mvua ikinyesha unashika kama gundi, na baada ya mita mia kila kiatu kimekuwa na uzito wa tofali. Hapo unahitaji meno marefu, milimita 5 kwenda juu, na yawe yameachana ili tope lidondoke. Yakibanana, tope linakaa humo na unabaki na soli laini kama sahani. Lakini niwe mkweli: hakuna kiatu kinachoushinda udongo huo ukiwa umelowa. Siku hiyo tafuta murram ama pumzika. Kupumzika si dhambi.

Kama wikendi unaenda Ngong Hills, ukipanda vile vilele vilivyopangana hadi upande wa Kona Baridi, shida kubwa ni kushuka. Kupanda kunachosha mapafu, kushuka kunaua kucha. Kisigino kikiwa kinacheza ndani ya kiatu, mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ukuta kila hatua. Kwa hivyo kisigino kishikwe vizuri, lakini mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Na kama wewe ni kama wengi wetu, unaanza na lami kisha unaingia vumbi, basi usinunue meno marefu kabisa. Lami itayanyoa kama wembe. Tafuta kiatu cha kati.

Sasa tuje kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanakwama. Raba mpya za njia za vumbi za kampuni kubwa zinauzwa bei ambayo kwa wengine wetu ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Zipo za hapa nyumbani pia: kampuni ya Enda, iliyoanza na raba inayoitwa Iten, iliwahi kutoa ya njia za vumbi inayoitwa Koobi Fora. Kama unazo, nunua, saidia wa kwetu. Kama huna, usiache kukimbia. Mtumba upo, na mtumba mzuri kwa ardhi yako ni bora kuliko feki mpya. Ila mtumba una mtihani wake, na usitoe pesa kabla kiatu hakijaupita.

Kwanza, kiweke juu ya meza, ukiangalie kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikanyaga hivyo, na kitakulazimisha ukanyage kama yeye. Pili, shika mbele na nyuma ukisokote kama unakamua nguo. Kikijikunja kama kitambaa, hakina uti. Tatu, bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama mbao, imekufa, hata kama kiatu kinang'aa. Sponji huzeeka hata ikikaa tu stoo. Nne, toa kile kitambaa cha ndani uone alama ya mguu wa mwenyewe. Shimo likiwa la kina, achana nacho. Tano, pitisha ukucha kwa meno ya soli. Wauzaji wengine wanajua kuosha na kupaka rangi, lakini meno hayapakwi rangi yakarudi.

Nenda jioni, si asubuhi. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoenda, na ukikimbia pia huvimba. Beba soksi zile unazokimbilia. Na usiamini namba peke yake, maana kwa mtumba kuna namba za Uingereza, za Marekani na za Ulaya zote kwa rundo moja. Kabla hujatoka nyumbani, simama kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwa karatasi mahali kidole kirefu kinaishia, upime kwa sentimita. Viatu vingi vimeandikwa sentimita kwenye ulimi. Hiyo namba haina uraia.

Najua kuna mmoja hapo anasema, "Manze, si Abebe Bikila alishinda Olimpiki bila viatu?" Kweli, Roma, 1960. Lakini miaka minne baadaye kule Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, na kwa kasi zaidi. Na ule utafiti uliotoka mwaka 2010 kwenye jarida la Nature, ukiwa na wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua peku, ulionyesha wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na mshtuko unakuwa mdogo kuliko kwa anayetua na kisigino. Neno la kushika hapo ni "waliokua". Wewe umekua ukivaa viatu vya shule kuanzia nasari. Ukitaka kukimbia peku, anza kwa nyasi, dakika chache, miezi kadhaa. Usianze kwa murram ya Gataka Jumamosi kwa sababu ya hasira.

Kuna jambo moja zaidi na nitalisema bila kupaka mafuta. Kwenye vikundi vya mbio vya wikendi kumeingia kaugonjwa ka kuangalia mtu miguu kabla ya kumuuliza jina. Nimeona kijana amekuja mara moja na raba yake ya mtumba, watu wakachekelea, hakurudi tena. Huyo pengine alikuwa na siku ndefu kama zangu. Pengine ile saa moja ya asubuhi ndiyo kitu kilikuwa kinamshikilia. Ukimcheka, umemnyang'anya. Kama unajua viatu kumliko, mwambie taratibu achunge wapi, kisha mkimbie.

Mimi siku hizi nina raba ya kijivu, haina sura. Niliinunua mtumba 1,800, nikampa fundi wa viatu 150 ashone upande mmoja. Meno yake ni mafupi, soli iko chini, kisigino kinashika. Hakuna mtu ameniuliza nimeitoa wapi, na hakuna picha yake popote. Lakini ule mteremko ulioniangusha naushuka kila asubuhi, na jiwe lile kama yai bado liko pale. Nalipita.

Kesho kabla hujaenda sokoni, tembea kwanza njia yako yote unayokimbia. Angalia chini. Hesabu mawe, tope, lami. Halafu ndiyo uende ukatafute kiatu.