Sarafu za kale zisiuzwe kwa kubahatisha



Natoa maoni yangu kuhusu biashara ya sarafu na vijiko vya zamani, ambayo inawaumiza wananchi kwa pande mbili.

Huku kwetu Tegeta hupita wanunuzi wakiulizia rupia za Mjerumani. Wapo wanaomlipa mzee bei ya chuma chakavu kwa sarafu ya fedha. Wapo pia matapeli wanaodai kwamba rupia ina miujiza, au kwamba Mjerumani alizika mali chini ya nyumba fulani, nao humkomba mwananchi akiba yake yote. Wote hao hustawi kwa sababu moja: hatujui kusoma alama zilizo juu ya kitu chenyewe.

Ieleweke kwamba uzee pekee si thamani. Heller, ambayo ndiyo iliyotupatia neno "hela", ilianza mwaka 1904 na ilitengenezwa kwa mamilioni. Ni ya zamani, lakini si adimu. Kinachopima thamani ni madini, uchache na hali ya kitu.

Rupia moja ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha. Hiyo ni karibu gramu 10.7 za fedha tupu, hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Sasa tazama shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba. Ya mwaka 1946 ina robo ya fedha. Ya mwaka 1948 haina hata chembe. Simba ni yule yule, tofauti imo katika mwaka. Asiyesoma mwaka ataibiwa, au ataiba bila kujua.

Uchache nao una mfano hapa hapa nchini. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani, walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo na herufi T. Zilikuwa 16,000 na kidogo tu. Ndiyo maana wakusanyaji wa dunia nzima huzitafuta, na ndiyo maana za bandia ni nyingi.

Kwa upande wa vijiko na uma, pindua mpini utazame nyuma. Herufi EPNS maana yake ni madini mengine yaliyopakwa fedha kwa juu tu. Hapo hununui fedha bali unanunua kijiko. Neno "Sterling" au namba 925 ndiyo fedha yenyewe, na 800 vile vile. Namba 90 huwadanganya wengi: si kiwango cha fedha ndani ya kijiko, bali ni gramu za fedha zilizopakwa kwenye seti nzima.

Tena, tusizisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala limau ili zing'ae. Mkusanyaji akiona mikwaruzo hupunguza bei papo hapo.

Lakini zipo zisizostahili kuuzwa kabisa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni historia ya Taifa, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda. Atakayezifukua azipeleke kwa wahusika, si kwa mchuuzi.

Ninashauri Makumbusho ya Taifa ichapishe karatasi moja yenye picha na alama hizi, isambazwe mashuleni na katika ofisi za kata. Walimu tutaifundisha katika historia na hesabu. Viongozi wa mitaa nao wawatake wanunuzi wapime mizani hadharani.

Tukiyafanya haya, mzee atauza akijua anauza nini, au ataamua kutouza, na tapeli atakosa mteja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Tegeta, Dar es Salaam.