Aliyefichika Kati Yetu ni Nani?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika picha za katuni ambazo vijana wengi hupenda kuzitazama, iko hadithi moja inayorudiwa kwa sura mbalimbali. Hadithi hiyo yasema kwamba kati ya watu wa kawaida wamo wengine wasio wa kawaida, nao hujificha. Superman, aliyechapishwa kwanza Marekani mwaka 1938, ametoka sayari nyingine, lakini huvaa suti na miwani, akafanya kazi katika ofisi ya gazeti, na wenzake hawamjui. X-Men, waliotungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, ni wanadamu waliozaliwa na badiliko la jeni. Kwa sababu hiyo huogopwa na kuwindwa, hata mwalimu wao amewafungulia shule yao peke yao ili wakae humo salama.

Tukiisha kutazama picha hizo siku ya Jumamosi, mabishano huwa makali katika bweni letu. Wengine husema ni upuzi mtupu, mambo yasiyotuhusu. Mimi nathubutu kusema kwamba yanatuhusu sana. Hapa Tanzania hadithi hiyo imeaminiwa kwa muda mrefu, tena si katika picha, bali juu ya watu wa nyama na damu, yaani wenzetu wenye ualbino. Na katika hadithi hiyo kuna kosa moja kubwa, ambalo limegharimu roho za watu.

Kwanza tutazame elimu yasema nini. Ualbino ni badiliko la jeni, na katika nchi zetu za Afrika aghalabu ni jeni iitwayo OCA2. Mwili wa mtu mwenye badiliko hilo hauwezi kutengeneza melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayotia weusi katika ngozi, nywele na macho. Kwa hiyo ngozi yake huungua upesi kwa jua, na macho yake hayaoni mbali vizuri. Basi, ni hayo tu. Damu yake ni kama yetu, na akili yake ni kama yetu. Hana uwezo wa ajabu, wala viungo vyake havina utajiri ndani yake.

Mtoto huzaliwa na ualbino anapopata nakala mbili za jeni iliyobadilika, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliyepata nakala moja tu haonyeshi dalili yoyote. Ngozi yake ni nyeusi, macho yake ni mazima, naye huishi maisha yake yote bila kujua. Wataalamu hukadiria kwamba Tanzania huzaliwa mtoto mmoja mwenye ualbino katika kila watoto 1,400 hivi. Mwanafunzi yeyote aliyesoma somo la urithi aweza kufanya hesabu iliyobaki: ikiwa ni hivyo, basi katika kila watu 19 hivi, mmoja anabeba nakala ya jeni hiyo. Katika darasa la wanafunzi 57 ni watatu. Katika bweni la wanafunzi 38 ni wawili.

Sasa nauliza, aliyefichika kati yetu ni nani? Mwenye ualbino hakujificha. Yeye huonekana toka mbali, hata angependa asionekane. Aliyefichika ni mimi na wewe, tunaojiita watu wa kawaida. Hapo ndipo hadithi ya katuni ilipokosea. Inatufundisha kwamba wako watu wa aina mbili, sisi na wao, na kwamba wao wameingia kati yetu kwa siri. Kumbe hakuna aina mbili. Wao wametoka kwetu, katika miili yetu sisi wenyewe.

Nalisema jambo hili kwa yakini, maana liko nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kike ana ualbino, na mimi ni mweusi kama kaka zangu wengine. Hesabu ya urithi yasema kwamba kati ya ndugu watatu wa mtu kama huyo wasio na ualbino, wawili kwa wastani hubeba jeni hiyo. Kwa hiyo yaelekea mimi ni mmoja wao. Alipozaliwa, wazee fulani walimwendea baba wakamshauri amrudishe mama kwao, kwa kuwa, ati, mtoto wa namna ile hakuwa wake. Baba alikataa. Wakati huo hakujua habari za jeni, lakini alimjua mkewe. Leo elimu yathibitisha kwamba alitenda haki, kwa sababu mtoto huyo hakuweza kuzaliwa vile bila nakala ya baba. Wazazi mtakaosoma makala hii, nawaomba mlishike neno hilo moja. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa ajili ya mtoto mwenye ualbino anamwadhibu mwenzake kwa jambo walilochangia nusu kwa nusu.

Sisi wa Singida tunayo sababu nyingine ya kujihadhari na hadithi za viumbe waliofichika. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu wengi waliuawa katika wilaya ya Singida, na habari zikaenea kwamba wauaji walikuwa watu waliogeuka simba. Uchunguzi ulipofanywa, hakuonekana mtu aliyegeuka simba. Walionekana wanadamu waliowaua wanadamu wenzao chini ya kivuli cha simba, na wengine wakafikishwa mahakamani. Fundisho lake ni kwamba hofu ya kiumbe cha ajabu ni kichaka kizuri cha kumficha mhalifu. Wakati watu wote wanamtazama simba, hakuna anayemtazama jirani.

Ndivyo ilivyokuwa katika habari za ualbino. Kwanza palisemwa kwamba watu hawa ni mizimu, ya kuwa hawafi bali hutoweka. Neno hilo laweza kuonekana kama mzaha wa watoto, lakini mtu akiisha kuaminishwa kwamba mwenzake si mtu, ni rahisi kumwaminisha pia kwamba kumkata si kuua. Waganga wa uongo wakauza maneno hayo, na wenye tamaa ya mali wakayanunua. Kati ya mwaka 2000 na 2015 watu zaidi ya 70 wenye ualbino waliuawa katika nchi yetu, hasa katika mikoa ya kanda ya ziwa na ile inayopakana nayo. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili tu aliuawa wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mambo haya yamekwisha.

Mauaji yalipozidi, watoto wengi wenye ualbino walikusanywa katika shule na vituo vyenye ulinzi, mathalani Buhangija huko Shinyanga, Mitindo huko Misungwi na Kabanga huko Kasulu. Hapo nchi yetu ilifanya kama yule mwalimu wa katuni, ikawajengea watoto hao mahali pao peke yao. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana nyumba ikiungua huwezi kumwacha mtoto ndani. Walakini ukuta unaomzuia muuaji asiingie humzuia na mama pia. Wako watoto waliokua humo bila kuijua sauti ya baba yao. Tena walio nje ya ukuta hawakujifunza lolote. Walibaki na hofu yao ile ile, maana hawakupata kukaa dawati moja na mtoto mwenye ualbino, wakagawana naye kalamu na kushindana naye katika mtihani.

Ushahidi kwamba watu hawa hawahitaji dunia yao peke yao ni mwingi. Wamekuwa na chama chao tangu mwaka 1978. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Bwana Salum Barwany kwa kura zao wenyewe. Mwaka 2015 Dakta Abdallah Possi, mwanasheria, aliteuliwa kuwa naibu waziri, na baadaye akawa balozi wetu Ujerumani. Wote hao waliketi pamoja na wengine katika vikao vya nchi.

Wako wanaosema kwamba mwanafunzi mwenye ualbino ni mzigo kwa shule ya kawaida. La hasha! Mahitaji yake ni machache, nami nitayataja. Akae dawati la mbele, na mwalimu aandike ubaoni kwa herufi kubwa na kusoma kwa sauti anachoandika. Aruhusiwe kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu, hata kama sare ya shule ni nyingine. Kazi za shamba afanye asubuhi na mapema au jioni, na wakati wa gwaride asimame kivulini, kwa maana jua la Singida halina huruma, na saratani ya ngozi imewaua wengi ambao panga halikuwafikia. Apate losheni ya kukinga jua, kama ile iliyobuniwa kule Moshi katika hospitali ya KCMC. Katika mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani huwapa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada, basi na sisi tufanye vivyo hivyo katika majaribio yetu ya kila wiki. Na kwetu wanafunzi, sharti tuliache kabisa neno "zeruzeru", tumwite mtu kwa jina lake.

Mdogo wangu yuko darasa la saba. Akifaulu, mwakani ataingia kidato cha kwanza, na mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka hapa. Wako watu wema wanaotushauri tumtafutie shule ya mbali yenye ukuta mrefu. Mimi ningependa apangiwe shule hii yetu, apite langoni mchana kweupe na sanduku lake kichwani kama sisi tulivyopita. Ninyi mtakaobaki ndio mtakaompokea. Atakapofika, msimtazame kama mgeni aliyeshuka kutoka sayari nyingine. Mwonyesheni bweni, mpeni dawati la mbele, kisha mwulizeni anatoka kijiji gani.