Tumbo la shosti wangu na matundu manne

Mwezi huu mtanisamehe, tunatoka kidogo kwenye habari za nani kamsaliti nani, tunaingia tumboni. Ndiyo, tumboni! Msinune, maana tumbo nalo linaweza kuvuruga chumba cha kulala kuliko hata nyumba ndogo.

Nina shosti wangu mmoja, jina liko kapuni. Kaniruhusu nisimulie, hajaniruhusu nimwanike. Ana miaka 34, watoto watatu, na mume wa kawaida tu, hanywi sana wala hapigi kelele. Kwa miaka miwili huyu dada alikuwa haelewani na chakula. Chipsi hagusi, pilau anaiogopa, nyama choma ndiyo usimtajie. Ukweni wakimpakulia anachezea kijiko tu. Mama mkwe akaanza maneno: "Huyu anaringa, vyakula vyetu havina hadhi yake."

Usiku ndiyo ilikuwa kasheshe. Mume akisogea, yeye anageukia ukutani kashika mbavu. Leo "nimechoka", kesho "kichwa kinauma". Nyie wenyewe mnajua visingizio hivyo vikizidi mwanaume anawaza nini. Ikafika siku simu yake ikakaguliwa, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hakukuwa na kitu, lakini heshima ndani ya nyumba ikawa imeshapungua.

Kumbe masikini ya Mungu alikuwa anaumwa kweli. Zahanati aliyokuwa anakwenda walishamwambia ana vidonda vya tumbo, wakampa vidonge, vikiisha anaongezewa vingine. Miaka miwili, na hakuna hata kipimo kimoja! Mpaka leo nikikumbuka napata hasira. Siku hizi kila anayeshika tumbo anaambiwa ni vidonda, na sisi tunapokea tu kama zawadi.

Siri ilifichuka usiku wa harusi ya binamu yake. Akajisahau, akala biriani na kipande cha kuku wa kukaanga. Saa nane usiku mume ananipigia simu, shosti anajikunja sakafuni na kutapika, maumivu yako juu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, yanapita mpaka kwenye bega. Hospitali ya safari hii wakampaka ile jeli ya baridi, wakampiga altrasaundi. Mawe. Mfuko wa nyongo umejaa mawe.

Naomba niwaeleze kidogo. Nyongo inatengenezwa na ini, ikishatengenezwa inahifadhiwa kwenye kifuko kidogo kilichojibana chini ya ini. Ukila mafuta, kifuko kinajikamua ili nyongo ikasaidie kuyeyusha yale mafuta. Sasa kukiwa na jiwe mlangoni, kifuko kinakamua na njia imeziba, ndiyo hayo maumivu ya nusu saa hadi saa kadhaa baada ya mlo mzito. Na sisi wanawake ndio tunaopata zaidi, hasa tuliokwishabeba mimba, sababu homoni zetu zinachangia. Mnaojikondesha kwa kasi ili mwingie kwenye gauni la send-off na nyie mumo, maana kupungua haraka sana nako kunaleta mawe. Wenye selimundu pia wanayapata mapema, wengine wakiwa bado watoto.

Daktari akasema kifuko kinatolewa chote, kwa upasuaji wa matundu madogo. Hapo ndipo vita ilipoanza. Mama mkwe akasema ukikatwa nyongo hubebi tena mimba. Si kweli jamani, nyongo na kizazi wapi na wapi! Jirani akaleta chupa ya mafuta ya zeituni na ndimu, eti unakunywa usiku, asubuhi mawe yanatoka chooni. Zile gololi za kijani zinazotoka ni hayo mafuta yenyewe yaliyogeuka kama sabuni tumboni. Mawe yako yapo palepale yanakusubiri.

Wengine wakasema haya mambo ya matundu ni majaribio mapya. Mapya yapi? Kurt Semm, daktari wa wanawake kule Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980. Mwaka 1985, tarehe 12 Septemba, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akatoa mfuko wa nyongo. Wenzao wakawabeza wote wawili. Mühe alisubiri mpaka mwaka 1992 ndipo chama cha madaktari wa upasuaji cha nchini kwake kikampa tuzo. Hapa kwetu hospitali kubwa kama Muhimbili zinaifanya kazi hii.

Lakini woga wa shosti haukuwa huo. Aliniita pembeni akaninong'oneza: "Akiniona nimechanwa tumbo, si ndiyo ataondoka kabisa?" Nikamwambia matundu yenyewe ni manne, makubwa yana kama sentimita moja na madogo nusu yake. Akatulia kidogo. Sasa siku ya kusaini fomu daktari akamweleza ukweli wote: "Dada, nitaanza na matundu. Nikiona ndani kumeshikana au damu inanizuia kuona, nitafungua tumbo kwa njia ya kawaida. Unakubali?"

Shosti akasema hapana. "Ukishindwa, dokta, nifunge hivyohivyo uniache. Usinichane."

Daktari akaiweka kalamu mezani. "Basi siwezi kukufanyia."

Ukimya huo! Mimi mwenyewe nilitamani kumpiga kibao. Mume, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo, akasema polepole, "Mama watoto, hilo kovu nitalala nalo mimi. Saini." Akasaini huku analia.

Niseme wazi, mimi namuunga mkono daktari. Kuna mrija mdogo wa nyongo ambao ukikatwa kwa makosa unaleta balaa kubwa. Hutokea mara chache, lakini hutokea, hata mikononi mwa wazoefu. Daktari anayekubali kufungua tumbo akiwa haoni vizuri ndiye wa kumshika. Muulize ameshafanya upasuaji wa namna hiyo mara ngapi, wala usione aibu.

Kwa bahati matundu yalitosha. Unalazwa kwa nusukaputi, tumbo linajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili liinuke kama puto, kamera inaingia kitovuni, daktari anaangalia kwenye skrini huku mikasi na koleo vikipita matundu mengine. Mrija na mshipa wa damu vinabanwa kwa klipu, kifuko kinakatwa na kutolewa kwenye tundu mojawapo. Kesho yake yuko nyumbani. Wengine hurudi siku hiyohiyo, wakati aliyefunguliwa tumbo hukaa wodini siku kadhaa.

Kilichomshtua ni bega. Tumbo halimuumi sana ila bega la kulia linawaka! Ni ile hewa iliyobaki ndani inasumbua kiwambo, ikaisha baada ya siku chache. Ila homa ikipanda, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi au tumbo likizidi kuuma, rudi hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki.

Najua mnalosubiri. Lile jambo la chumbani halina tarehe ya kitabuni. Wengi huwa tayari baada ya wiki moja au mbili, maumivu yakiisha na vidonda vikikauka. Taratibu, na baba asikulalie tumbo. Ndoo za maji abebe yeye mpaka daktari akuruhusu. Bila kifuko, nyongo inatiririka moja kwa moja kutoka ini hadi utumbo, kwa hiyo unakula karibu kila kitu, ila mwanzoni mafuta mengi yanaweza kukukimbiza chooni. Na wewe uliyeonekana una mawe lakini hujawahi kuumwa hata siku moja, usikimbilie kisu, mara nyingi huachwa tu.

Shosti alipewa mawe yake kwenye kichupa. Mama mkwe alipokuja kumjulia hali akakiinua kwenye mwanga, akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika 17 akakiweka chini, akakaa kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, na yote haya ulikuwa unanyamaza?"

Haya, mwezi ujao narudi kwenye nyumba ndogo, barua zenu zimejaa mezani.