Fimbo ya Kuvulia ya Bei Rahisi

Wewe msomaji ukaaye Uingereza, huenda jambo hili limekwisha kukupata. Umeingia katika duka la bei nafuu kununua mkate na maziwa. Katikati ya duka, baina ya masufuria na viatu vya mvua, mwanao amesimama mbele ya fimbo ya kuvulia samaki, imefungwa pamoja na gurudumu lake, mshipi, ndoana na maboya. Hasemi neno, anakutazama tu. Je, ununue?

Maduka ya namna hiyo asili yake ni Ujerumani. Mama yao akina Albrecht alifungua kiduka mjini Essen mwaka 1913. Wanawe Karl na Theo wakakishika baada ya vita, mwaka 1946, nao ndio waliozaa Aldi. Aldi ilifika Uingereza mwaka 1990, na Lidl mwaka 1994. Desturi yao ni kuuza aina chache za bidhaa kwa wingi, na kila juma kuleta vitu vya kupita, ambavyo vikiisha havirudi upesi. Ndiyo maana watu hununua mbio mbio wakiogopa kukosa.

Mimi nasema nunua, lakini kagua. Kiti cha kukunja, sanduku la vifaa na wavu wa kuopolea samaki havina siri kubwa. Fimbo nayo yamtosha mtoto anayejifunza. Ukifika nyumbani pitisha pamba katika kila pete ya fimbo; nyuzi zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi. Zungusha gurudumu pole pole. Likikwaruza, lirudishe, nawe stakabadhi usiitupe.

Mshipi ndio wa kutilia shaka. Nailoni iliyokaa sana juani hudhoofika, na iliyokaa sana katika gurudumu hutoka imejikunja kunja. Funga fundo, ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana fundo kavu hupata joto likikazwa na nguvu yake hupungua. Kisha vuta. Ukikatika kwa urahisi, usiwe na huruma nao: utoe wote, ukanunue mwingine katika duka la wavuvi. Ndoana nayo ikokote juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza bila kushika, ni butu.

Usidhani hayo ni madogo. Mshipi ukikatika, samaki huenda zake na ndoana kinywani, na kipande kilichobaki huwafunga ndege miguu. Tena, jirani akikupa sanduku lake la zamani, tazama chubwi zilizomo. Bata maji wakubwa weupe wa huko humeza vijiwe ili kusaga chakula tumboni, wakawa wanameza na vipande vya risasi (nasema madini, si ya bunduki), wakafa kwa sumu. Kwa hiyo tangu 1987 chubwi za risasi za gramu 0.06 hadi 28.35 zimekatazwa.

Halafu kuna kibali. Katika England, kila mwenye miaka 13 au zaidi anayevua kwa fimbo katika maji baridi sharti awe nacho. Wa miaka 13 hadi 16 hupewa bure, lakini sharti aombe. Wewe baba, ukiishika fimbo ya mtoto ili kumwonyesha tu, nawe unavua, na faini yaweza kufika pauni 2,500. Hapo ile fimbo rahisi itakuwa imekugharimu sana!

Na ikiwa umeinunua mwezi wa Aprili, usikimbilie mtoni. Mito ya England hufungwa kwa samaki wengi wa kawaida tangu 15 Machi mpaka 15 Juni. Siku hizo mpeleke mtoto kwenye gati ya baharini, ambako kibali hicho hakitakiwi. Mkirudi, osheni gurudumu kwa maji ya bomba usiku ule ule, maana chumvi haingoji asubuhi.